Je, Wajua? Basi Likiachana na Dizeli

Je, wajua kwamba Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, ulikuwa na mabasi ya umeme hata kabla ya Kongo kupata uhuru? Yalikuwa 12, yakihudumia njia nne tangu 1955 hadi 1959, na hayakuwa na nyaya za juu wala betri ya kuyaendesha. Kampuni ya Oerlikon ya Uswisi iliweka chini ya sakafu ya kila basi gurudumu la chuma lenye uzito wa tani moja na nusu, lililozunguka mara 3,000 kwa dakika. Basi likifika kituoni, mikono mitatu inainuka kutoka paani na kugusa nguzo ya umeme. Mota inalichapuza gurudumu dakika mbili tatu, mikono inashuka, safari inaendelea kwa nguvu ya ule mzunguko. Kilomita mbili mbele, kituo kingine, mikono juu tena.

Yaliyoyaua mabasi hayo tunayafahamu sana. Madereva walipenda kukatiza njia za mkato zisizo na lami, mvua ikinyesha ni matope matupu. Beringi za gurudumu zikavunjika, unyevu ukazizidi nguvu mota. Teknolojia ya Uswisi ilikuwa imefikiria kila kitu isipokuwa dereva mwenye haraka.

Hata hivyo Kinshasa haikuwa ya kwanza. London ilikuwa na mabasi ya betri mwaka 1907. Betri yenye tani moja na nusu ilitolewa chini ya gari na kuwekwa nyingine iliyojaa kwa muda wa dakika tatu hivi. Kampuni ilianguka 1910, na mabasi hayakuwa na kosa: walioianzisha walikuwa matapeli waliokula fedha za wanahisa. Baadhi ya mabasi yakauzwa Brighton na kuendelea kubeba watu huko.

Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, lakini ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili na nusu za hewa ya ukaa. Uzito wa ziada unatoka wapi? Hewani. Kaboni iliyomo kwenye mafuta hushikana na oksijeni ambayo injini imeivuta kutoka nje, na oksijeni ndiyo nzito.

Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi lenye tumbaku na asbesto.

Je, wajua pia kwamba dizeli ya Afrika Mashariki imesafishwa sana? Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya zilishusha kiwango cha salfa kutoka sehemu 500 katika milioni hadi 50. Faida yake kubwa inakuja pale gari linapokuwa na chujio la moshi, kwa sababu salfa huliharibu chujio. Basi kuukuu lisilo na chujio linaendelea kutema moshi mweusi, dizeli iwe safi namna gani.

Jiji linalotajwa kila mahali ni Shenzhen, China. Kufikia mwisho wa 2017 mabasi yake yote 16,359 yalikuwa ya umeme. Wanaolisifu husahau kusema kwamba serikali kuu na ya jiji zilimwaga ruzuku nzito kwa miaka, na kwamba kiwanda cha BYD, watengenezaji wa mabasi ya umeme, kiko hapohapo jijini.

Kwa hiyo mimi naona somo letu liko Santiago, Chile. Huko hawakumwambia mwenye kampuni ya usafiri akope mamilioni anunue basi lililo ghali kuliko la dizeli. Mabasi 100 ya kwanza, mwaka 2018, yalinunuliwa kupitia kampuni ya umeme ya Enel, kisha yakakodishwa kwa kampuni inayobeba abiria. Anayeuza umeme anapata mteja wa miaka kumi na zaidi, anayebeba abiria anaepuka deni la kumvunja mgongo. Leo Santiago ina mabasi ya umeme zaidi ya 2,000.

Nairobi nayo ikatafuta njia yake ya kukwepa bei hiyo. Kampuni ya BasiGo ilipoingiza mabasi yake mawili ya kwanza ya majaribio, ya viti 25, mwezi Machi 2022, ilimtenganishia mwenye gari bei ya basi na bei ya betri. Alitoa kiasi kilichokaribia bei ya basi la dizeli, halafu akalipa kwa kila kilomita aliyotembea. Ndani ya malipo hayo mlikuwa na chaji na matengenezo. Betri, ambayo ndiyo ghali na ndiyo inayomtia mtu wasiwasi, ilibaki juu ya kampuni.

Fikiria hapo mabadiliko kwenye gari lenyewe. Matatu ya dizeli hujazwa kwa vipande: konda anakusanya nauli za mzunguko wa kwanza, gari linapinda sheli, mafuta ya elfu mbili yanaingia, kazi inaendelea. Jioni mwenye gari anaambiwa mafuta yamekula kiasi fulani, na hana la kufanya ila kuamini. Basi la umeme linatoka yadi asubuhi likiwa limeshiba, kompyuta inahesabu kilomita, na hakuna mpira wa kunyonya mafuta kutoka kwenye tangi usiku. Nadhani wenye magari wengi watavutwa na hilo kabla ya kuvutwa na habari za hali ya hewa.

Umeme wenyewe ni wa bei gani? Aprili 2023 Kenya ilipitisha bei maalumu kwa vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Chukua basi linalokula yuniti moja kwa kilomita na kutembea kilomita 200 kwa siku: shilingi 1,600 likichajiwa usiku. Matatu inayokula lita 25 kwa kilomita 100 itahitaji lita 50 kwa mwendo huohuo, na kwa shilingi 160 tu kwa lita, hizo ni 8,000. Ongeza kodi, ongeza faida ya mwenye chaja, pengo bado ni kubwa.

Bei ya usiku ina sababu yake chini ya ardhi. Mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, haulali. Visima vinatoa joto saa saba za usiku, wateja wengi wakiwa wamezima taa, sawasawa na saa saba za mchana. Umeme wa Kenya kwa asilimia 90 hivi hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Basi linalochajiwa Nairobi usiku, kwa hiyo, limehama kweli kutoka kwenye mafuta. Katika nchi inayochoma makaa ya mawe, sehemu ya moshi huwa imehamia kiwandani.

Yadi sasa. Basi moja likichajiwa kwa kilowati 80 si tatizo. Mabasi 100 kwa pamoja ni megawati nane, na transfoma ya mtaani haiwezi kuyabeba. Mipango mingi inakwama hapa: mabasi yamefika bandarini, laini kubwa ya umeme haijafika yadi.

Dakar ilianza upya kabisa. Mfumo wake wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kubeba abiria Mei 2024, una mabasi marefu 121, yote ya umeme, kwenye njia ya kilomita 18.3 kati ya katikati ya jiji na Guédiawaye.

Dar es Salaam imechukua barabara nyingine. Mabasi ya mwendokasi ya Kimara hadi Kivukoni yalianza 2016 kwa dizeli, lakini mabasi yaliyoletwa 2025 kwa ajili ya Mbagala yanatumia gesi asilia. Mantiki ipo: gesi iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na tangu 2004 inafika jijini kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Haiagizwi kwa dola. Ndani ya mtungi wa basi gesi hiyo hushindiliwa hadi kufikia baa 200 hivi, yaani karibu mara 90 ya upepo uliomo kwenye tairi la gari dogo.

Delhi ilipita njia hiyo mapema, tena kwa amri ya korti. Mahakama ya Juu ya India iliamuru mwaka 1998 mabasi yote ya jiji yahamie gesi, na mwishoni mwa 2002 la mwisho la dizeli likawa limeondoka. Kilichowatesa watu katikati ya hapo ni foleni. Magari yaligeuzwa haraka kuliko vituo vilivyojengwa, mabasi yakalala usiku kucha yakingoja gesi. Dereva wa bajaji ya gesi wa Dar akisoma hayo atatabasamu kwa uchungu. Anaijua foleni hiyo kwa majina ya wenzake.

Je, gesi ni safi? Moshi mweusi huondoka karibu wote, na mapafu ya wakazi wa barabarani yanapata nafuu. Kwa joto la dunia faida ni ndogo. Methani inayovuja bila kuungua hupasha joto mara 80 hivi kuliko hewa ya ukaa, ukipima kwa miaka 20. Valvu moja mbovu inaweza kula faida ya mabasi kadhaa.

Tukirudi kwenye umeme, watu hudhani kila betri imejaa kobalti ya Kolwezi. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo kweli, lakini mabasi mengi ya Kichina yana betri ya chuma, fosfeti na lithiamu, isiyo na hata chembe ya kobalti. Lithiamu, hata hivyo, ipo Manono, mkoa wa Tanganyika nchini humo. Kongo haikwepeki.

Hidrojeni? Januari 2022 jiji la Montpellier, Ufaransa, lilifuta oda ya mabasi 51 ya hidrojeni baada ya kupiga hesabu: yuro 0.95 kwa kilomita, dhidi ya 0.15 kwa basi la betri.

Ulaya kuna mabasi ya umeme yenye tangi dogo la mafuta. Ni la kuwapasha abiria joto, kwa kuwa hita ya umeme wakati wa baridi kali hula chaji ya safari. Nairobi haina shida hiyo.

Aprili 2022 mabasi mawili ya umeme yaliungua Paris kwa muda wa mwezi mmoja, na 149 ya aina hiyo yakaegeshwa kwa uchunguzi. Hakuna aliyeumia.

Dereva akitoka Limuru kushuka Nairobi, mita 400 na zaidi kwenda chini, basi la dizeli huchoma breki. La umeme, akiinua mguu, mota yake inageuka jenereta na asilimia kwenye kioo zinapanda. Kwenye foleni ya Thika Road halili chochote zaidi ya taa, redio na feni.

Na je, basi la jua? Uganda ilizindua Kayoola Solar Februari 2016, viti 35, paneli paani, kilomita 80 kwa chaji. Piga hesabu ya paa: mita 20 za mraba kwa jua zuri la siku nzima ni yuniti 20 hivi, kilomita 20 basi. Mabasi yaliyofuata ya Kiira Motors, waundaji wake wenye kiwanda Jinja, yanachomekwa kwenye chaja, umeme ukitoka kwenye mabwawa ya Nile.