“Zimwi alikuja” au “zimwi lilikuja”? Upatanisho wa kisarufi katika riwaya za kutisha

Katika Kiswahili sanifu, nomino inayotaja kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA, hata umbo lake likiwa la ngeli nyingine: kiboko anakula, kijana amefika. Zimwi hukaa mpakani. Methali husema: “Zimwi likujualo halikuli likakwisha.” Zimwi hilo linajua na linakula, lakini halikupewa kiambishi a-. Msimulizi asemaye “zimwi alikuja” amemweka miongoni mwa viumbe. Asemaye “zimwi lilikuja” amelitenga nao.

Mfasiri wa riwaya za kutisha hawezi kuukwepa uamuzi huo. Mfano mzuri ni riwaya ya Kiarabu ya Ahmed Saadawi, iitwayo kwa Kiingereza Frankenstein in Baghdad, iliyoshinda Tuzo ya Kimataifa ya Riwaya za Kiarabu mwaka 2014. Hadi, muuza vitu vikuukuu, anaokota viungo vya watu waliouawa kwa mabomu na kuvishona pamoja, ili vipate kuzikwa kwa heshima ya mtu kamili. Roho ya mlinzi wa hoteli inauingia mwili huo. Kisha Elishva, bibi kizee aliyempoteza mwanawe vitani, anauita kwa jina la mwana huyo, Daniel.

Kabla ya mwito huo, mwili “ulilala”. Baada yake, je, “uliinuka” au “aliinuka”? Kiambishi u- kinaendeleza hofu ya majirani; a- kinakubaliana na mama. Hadi mwenyewe hukitaja kiumbe chake kwa neno la mitaani la mtu aliyesahau jina. Kiswahili kina “nanihii”, nalo linafaa hapa: nani huulizia mtu, hii huonyesha kitu.

Kinyume chake ni Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, ambamo marehemu anamrudia mjukuu wake, K. Kiambishi a- kimo katika anwani yenyewe. Anayerudi ni babu, mwenye haki ya kumhoji mjukuu, na hofu ya K inaanzia hapo.

Riwaya hizi mbili zafaa kusomwa pamoja darasani. Mfasiri naye aamue mapema ni katika sentensi ipi u- au li- itageuka kuwa a-, na baada ya hapo asirudi nyuma bila sababu. Msomaji atakayekutana na “lilisema” na “alisema” katika aya moja atadhani viumbe ni wawili.