Chanzo cha Msingi na Chanzo cha Upili

Istilahi mbili huwatatanisha wanafunzi wa vyuo wanaoanza kufundishwa utafiti: chanzo cha msingi na chanzo cha upili. Wengi hudhani kuwa cha kwanza ndicho cha kweli, na cha pili ni hafifu. Sivyo.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Masimulizi ya mzee aliyeviona vita hivyo ni chanzo cha msingi. Kitabu kilichotungwa baadaye kwa kuyatumia ni chanzo cha upili. Taarifa ya ofisa wa Kijerumani iliyoandikwa vita vikiendelea nayo ni ya msingi, ingawa alitazama kwa jicho la mtawala. Na mzee naye, baada ya miaka 60, huenda amesahau mengi.

Basi istilahi hizi zaonyesha ukaribu wa chanzo na tukio. Hazitoi hukumu ya ukweli. Twawashauri walimu na wafasiri wazieleze hivyo, na wamzoeze mwanafunzi kuuliza: nani asema, amejuaje, na nani mwingine athibitisha?