Hiyo limiti ya spidi AI amekusomea ni ya nini?

Siku hizi unaunganisha ejenti wa AI na kontrola, kile kisanduku kinachogawia mota stima, unamwambia "nisomee limiti ya spidi," na kabla hujameza mate ashakupa nambari. Poa sana. Lakini ni nambari ya nini?

Chukua kontrola ya VESC, inayopendwa na wanaojiundia skuta na baiskeli za umeme. Limiti yake iko kwa ERPM: mizunguko ya umeme, si ya gurudumu. Tuseme ejenti amesoma 10,000, na mota iliyo ndani ya gurudumu lako, bila gia, ina jozi 20 za sumaku. Gawanya. Gurudumu linazunguka mara 500 kwa dakika, na likiwa na mzingo wa mita 1.9, hiyo ni kilomita 57 kwa saa. Ejenti akisahau kugawanya atakuambia 1,140. Boda ya kupita ndege, ama?

Hilo utalicheka na kulirekebisha. Mimi naogopa kosa dogo. Akikisia jozi ni 23, atakupa 49.6, na mjini hapa Kenya sheria inasema 50. Utajiona uko sawa, kumbe unapepea na 57.

Kwa hivyo mwagize asome pia idadi ya sumaku kwenye mipangilio, kisha umuulize fundi wako kama ni kweli. Na ruhusa umpe ya kusoma pekee. Akiomba ya kubadilisha, mnyime, hasa gurudumu likiwa chini.