Kadi ya Mtoto na Fedha ya Mavuno: Habari za Ufipa

Huenda mwanachama akauliza, chama cha wenye mikarafuu kina shauri gani na nchi ya Ufipa, huko bara mbali, ambako hapana mkarafuu hata mmoja? Jibu letu ni hili: mkulima wa Sumbawanga hupata fedha kama tuzipatavyo sisi, kwa mkupuo, mavuno yakisha. Mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Novemba hata Aprili. Mahindi yakiuzwa, nyumba ina fedha. Ifikapo Januari mfuko ni mtupu, na hapo ndipo watoto wanaposhikwa na kichomi kwa baridi ya uwanda wa juu, na malaria kule bondeni kwenye ziwa Rukwa.

La kushangaza ni kwamba Rukwa ni ghala la mahindi, na hali hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa 49.8 kwa mia ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa Tanzania Bara na Visiwani ilikuwa 30 kwa mia. Mtoto wa namna hii huugua upesi. Kwa kanuni, aliye chini ya miaka mitano hatozwi ada katika hospitali za serikali, lakini dawa zikikosekana mzazi huambiwa akanunue dukani. Akisha kupita umri huo, msamaha umekwisha.

Mwaka 2016 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulileta Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mwaka kwa kila mtoto asiyefika miaka 18. Kadi ilikuwa nzuri. Lakini mwenye watoto watano alitakiwa kutoa 252,000, na ni mkulima gani wa mahindi aliye nazo? Basi mzazi alimwandikisha yule mgonjwa, wazima wakangoja. Mfuko ukalemewa, na mwezi Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa. Wazazi wakaambiwa wawapitishe watoto shuleni au wajiandikishe jamaa nzima. Wako waliowalaumu wazazi. Sisi hatuwalaumu. Ukimwambia mtu achague mtoto mmoja wa kumlipia, atamchagua anayekohoa usiku.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioenezwa tangu 2018, ulikwenda njia nyingine: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa jamaa ya watu sita, wazima na wagonjwa pamoja, kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa. Huu, kwa maoni yetu, ulimwelewa mkulima zaidi. Hata hivyo ulikuwa na mipaka miwili. Wa kwanza ni idadi: baba, mama na watoto wanne ndio sita, na mtoto wa tano je? Wa pili ni njia. Mtoto aliyehitaji Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga kwa kupitia Tunduma, kadi yake ilimwishia Sumbawanga.

Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hiyo ni ya Bara, maana afya si jambo la Muungano. Huku kwetu matibabu yalitangazwa kuwa bure mwezi Machi 1964, na wengi wetu tumekua hatujui kadi ya hospitali ni nini. Lakini mwaka 2023 ulianzishwa kwa sheria Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, na haifai wakulima tungoje kuulizwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu yasemwe mapema. Mchango wa mkulima ukusanywe wakati karafuu zinapouzwa, si mwezi wowote karani apendao. Jamaa ihesabiwe na watoto wote waliomo, hata wakiwa wanane. Na mtoto wa Pemba akipelekwa Mnazi Mmoja, kadi ivuke bahari pamoja naye, na nauli ya mama yake ifikiriwe pia, kwani mtoto hasafiri peke yake.

Wanachama wenye maoni wayapeleke kwa makatibu wa matawi yao kabla ya uchumaji kuanza, na kila mmoja aandike idadi ya watoto wa nyumbani kwake na umri wao, ili tuwe na hesabu yetu wenyewe mkononi.