Nyumba kongwe ya mawe: Kagua ukuta, kisha karatasi

KIJIJI cha Shela, kilichoko takriban kilomita tatu kutoka mji wa Lamu, kimewavutia kwa miaka mingi wakazi wa mijini na wageni wanaotafuta nyumba kongwe za mawe. Kuta nene, zidaka zilizonakshiwa na upepo wa bahari vyaweza kumfanya mnunuzi atoe arubuni kabla ya kuuliza maswali.

Hata hivyo, nyumba ya aina hii haina budi kukaguliwa mara mbili: kwanza ukuta, kisha karatasi.

Kuta hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo kwa kawaida hazizidi mita tatu, vyumba huwa virefu na vyembamba. Anayekusudia kubomoa ukuta wa kati ili apate sebule pana afahamu kwamba huenda ndio unaobeba dari.

Adui mkubwa ni unyevu. Matumbawe hunyonya maji na chumvi kutoka ardhini, nayo chokaa huyaruhusu maji hayo kutoka kwa njia ya mvuke. Ukuta ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani. Chumvi huyamega mawe polepole, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza bila kuonekana.

Kwa sababu hiyo, ukuta laini wenye rangi mpya wastahili kutiliwa shaka kuliko ukuta wa chokaa uliobabuka. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ukipata maji basi. Ni busara kumwita fundi aliyezoea chokaa akague lipu na boriti kabla ya bei kukubaliwa. Aidha, gharama ya ukarabati ihesabiwe mapema, kwani vifaa huletwa kwa mashua na kupitishwa vichochoroni kwa punda.

Karatasi nazo zina unyevu wake. Nyumba nyingi kongwe ni za urithi. Kwa sheria ya Kiislamu, mali ya marehemu hugawanywa kwa mafungu baina ya mjane, watoto na jamaa wengine. Mirathi isipogawanywa kwa vizazi viwili, nyumba moja yaweza kuwa na wenyewe kumi, baadhi yao wakiishi Mombasa au Uarabuni.

Sahihi ya mrithi mmoja haiuzi fungu la mwenziwe. Kwa hiyo, pamoja na kuchunguza hatimiliki katika ofisi ya usajili wa ardhi, mnunuzi adai hati za mirathi kutoka mahakamani na ridhaa ya kila mrithi. Ikibainika kwamba nyumba ni wakfu, haiuzwi.

Kwa asiye raia, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Anayenunua ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, aulize pia ni mabadiliko gani yanayoruhusiwa.

Arubuni itolewe baada ya fundi na wakili kumaliza kazi yao. Muuzaji anayekataa kungoja hayo atakuwa amekwisha kumjibu mnunuzi.