Fahamu: Kemikali inayozima maumivu kwa mwanga

Ukitafuna pilipili pale Genkuru, Tarime, kinywa hakiungui kweli. Kilichofunguka ni mlango mdogo wa neva za maumivu, uitwao TRPV1. David Julius, aliyeongoza utafiti ulioutambua mwaka 1997, alipata Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

QAQ, kemikali iliyotangazwa mwaka 2012, hupenya kwenye mlango huohuo. Ikishaingia, mwanga wa kijani huifanya izibe njia za sodiamu, neva ikanyamaza. Wa urujuanimno huikunja, neva ikaamka. Ganzi ya daktari wa meno haina ujanja huo wa kuchagua neva za maumivu pekee: hulaza hata neva za mguso, mdomo ukabaki kama wa kuazima.

Majaribio ya QAQ yamefanywa kwa panya. Dukani hutaipata.