Kijiti cha Geti Hakifai Bomba la Mafuta

Katika karakana za Adumi, na hata ukishuka Arua mjini, kijiti cha kuchomelea kinachotawala ni E6013. Ndicho kinachounga mageti, madirisha, vitanda vya shule na matela ya kukokotwa. Kimepata heshima hiyo kwa haki. Mashine nyingi za mafundi wetu ni transfoma zilizosukwa humu humu kwa waya wa shaba, na volti zake za kuwashia moto ni ndogo. E6013 huwaka bila ubishi kwenye umeme wa namna hiyo, huacha mshono laini, na mavi yake ya chuma hubanduka kwa kugongwa kidogo. Anayeunga geti hana sababu ya kutafuta kingine.

Lakini vijana wetu wanavuka daraja la Pakwach kwenda kutafuta kazi Nwoya, Buliisa na Hoima, na huko wanakutana na chuma cha tabia nyingine. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kipenyo cha inchi 24 na chuma chake ni cha daraja la X65. Mafuta yetu yana nta nyingi, kwa hiyo yanatakiwa kusafirishwa yakiwa na joto la nyuzi 50 au zaidi yasije yakaganda njiani. Chuma kikipata joto hutaka kurefuka. Kikiwa kimefukiwa ardhini hakina pa kwenda, na msukumo huo unabebwa na bomba pamoja na kila mshono wake.

Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo, na unanasa hata mafundi wenye miaka mingi kazini. Bomba limeandikwa 65, kijiti kimeandikwa 70, basi fundi anaona kijiti kimeshinda. Namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Ile 65 ya bomba, kwa maelfu ya ratili kwa inchi ya mraba, ni nguvu inayofanya chuma kianze kunyooka kisirudi tena kama kilivyokuwa: megapaskali 450. Nguvu ya kukikata chuma hicho ni kubwa zaidi, megapaskali 535 au kupita. Namba za kijiti, kwa upande wake, zinataja nguvu ya kukatika. E7010 ni 70, yaani takriban megapaskali 490, na hiyo iko chini ya bomba. Ukitumia E8010 unafika 550, na hapo mshono hauzidiwi na chuma unachokiunga. Kwa kuwa nguvu ikizidi, palipo laini ndipo panaponyooka kwanza, hatutaki mahali hapo pawe mshono, ambao ni mwembamba na hauna nafasi ya kunyooka sana kabla ya kukatika.

Je, si bora basi kuchukua kijiti kikali kuliko vyote dukani? La. Mshono wenye nguvu kupita kiasi huwa mgumu na mwepesi kupasuka. Ndiyo maana mshono wa kwanza kabisa, ule wa ndani, mara nyingi huwekwa kwa E6010 hata kwenye bomba la X65. Mshono huo mwembamba unabeba peke yake misukosuko ya bomba kabla tabaka nyingine hazijawekwa juu yake, kwa hiyo unahitaji kuvumilia kunyooka. Tabaka zinazofuata ndizo zinazoleta nguvu.

Nguvu hata hivyo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine, ambayo naiona kubwa zaidi, ni haidrojeni. Gesi hii hutoka kwenye unyevu na kwenye ganda la kijiti, ikazama ndani ya chuma kilichoyeyuka. Mshono ukipoa, haidrojeni hutafuta njia ya kutoka, na ikikuta chuma kigumu kilichovutwa huku na huku, hukipasua. Ufa huo unaweza kutokea saa 24 au hata 48 baada ya fundi kufunga vyombo vyake na kwenda kulala.

E6010 na E8010 zina ganda la selulosi. Huchimba vizuri na hukimbia kwa kasi fundi akishuka na mshono kutoka juu kwenda chini, ila huleta haidrojeni nyingi sana. Dawa yake ni kupasha bomba moto kabla ya kuanza, mara nyingi nyuzi 100 au zaidi kulingana na unene na utaratibu ulioidhinishwa, kisha kuweka mshono wa pili upesi kabla wa kwanza haujapoa. Vijiti hivi visipelekwe kwenye oveni kamwe, maana ganda lake linahitaji unyevu wake wa asili ili moto uwake sawasawa. Tena E6010 hutaka mashine ya mkondo wa moja kwa moja. Kwenye transfoma ya kawaida fundi atasumbuka nayo.

E8018 ni kinyume chake kabisa. Ganda lake limetengenezwa lilete haidrojeni kidogo, na alama H4 kwenye kopo maana yake ni mililita zisizozidi 4 kwa kila gramu 100 za chuma kilichowekwa. Ahadi hiyo inadumu kijiti kikiwa kikavu tu. Kopo likishafunguliwa, ganda hufyonza unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi msimu wa mvua, na mvua za West Nile tunazijua. Ndiyo sababu vijiti hivi hukaa kwenye oveni ya nyuzi 120 na zaidi mpaka dakika ya kutumika. Kuviuza kimoja kimoja juu ya meza barabarani ni kuviua. Fundi asiye na oveni anunue kopo dogo lililofungwa vizuri, alifungue siku ya kazi, na vitakavyobaki avipeleke kwenye mageti.

Wanaodhani ufa mdogo ni jambo dogo wakumbuke jukwaa la mafuta la Alexander L. Kielland, lililopinduka Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe tarehe 27 Machi 1980 na kuua watu 123. Wachunguzi waliufuata ufa hadi kwenye mshono wa milimita 6 ulioshikilia kifaa kidogo kwenye bomba la kushikizia nguzo. Ndani ya ufa walikuta rangi. Ulikuwepo tangu karakanani, kabla chuma hakijapakwa.

Taasisi ya Petroli ya Uganda kule Kigumba inafundisha uchomeleaji, na mtihani unaowatisha vijana wengi ni 6G, bomba likiwa limefungwa imara kwa mshazari wa nyuzi 45. Wanafanya mazoezi ya mkono miezi mingi, na wanafanya vizuri. Nawasihi wajizoeze pia kusoma: maandishi ya daraja yaliyopigwa kwenye bomba, kemia ya chuma kwenye cheti chake, lebo ya kopo la vijiti, na karatasi ya utaratibu inayosema kijiti gani, joto gani, mkondo gani. Na msimamizi akitaka mshono upimwe jioni ile ile ulipomalizika, fundi ana haki ya kuuliza kama karatasi hiyo haikutaka usubiri hadi siku ya pili.